Tommy Shelby anarudi Machi 20: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu muvi ya Peaky Blinders

Nimechoka jamani. Tangu trela itoke mwezi wa kumi na mbili sikatizi Kirumba, hapa Mwanza, bila mtu kuniita "oya, Tommy inatoka lini", muuza vocha kaniuliza, bodaboda kaniuliza tukiwa kwenye mwendo huku kageuza shingo nusu atutumbukize mtaroni, juzi nimeenda msibani Igoma mtu kaninong'oneza wakati wa sala. Sa nimeamua kuyakusanya yote sehemu moja. Kwa mgeni: Peaky Blinders ni sizoni ya Waingereza kuhusu genge la familia ya Shelby la Birmingham, na Tommy ndo kiongozi wao. Tuko Februari 2026, kwa hiyo majibu ni ya leo. Ukiniuliza tena swali lililopo hapa nitakuonyesha tu kwa kidole.

We ni nani hata tukuulize?

Swali la haki. Mi nilikuwa najaza watu muvi kwenye flashi, kibanda kidogo pembeni ya barabara ya Makongoro, kuanzia 2014 mpaka simu za watu zilipokuwa na bando la kutosha nikakosa wateja. Sijivunii sana maana zile muvi hakuna hata moja niliyoilipia, lakini ndivyo Peaky Blinders ilivyoingia huku Kirumba, kwa flashi za GB 8 zenye virusi. Nusu ya mnaoniuliza leo mlikuwa wateja wangu na wengine bado nawadai.

Inatoka lini hasa?

Machi 6 inaingia kwenye sinema chache zilizochaguliwa. Machi 20 inaingia Netflix dunia nzima. Machi 20 ni Ijumaa. Sisi tunahesabia hiyo ya 20, hiyo ya 6 waachieni watu wa Birmingham.

Saa ngapi kwa saa zetu?

Netflix kwa kawaida huachia vitu vyao saa sita usiku ya kule California. Watu mmezoea kwamba huku kwetu inakuwa saa tano asubuhi, sasa angalieni hapa, Machi 8 Wamarekani wanasogeza saa zao mbele, kwa hiyo ikifika tarehe 20 kwetu inakuwa saa nne asubuhi. Saa nne. Usije ukaamka saa tisa usiku ukaanza kurefreshi ukadhani umeibiwa, na usije ukaniamsha na mimi.

Na naomba niseme kitu hapa kabla sijaendelea. Sizoni ya kwanza ilianza kuonyeshwa Uingereza Septemba 2013 na kwenye kibanda changu imefika mwaka uliofuata, tena nikiwa na episodi nne tu kati ya sita, ya tatu haipo na ya tano inaganda katikati. Ya pili imekuja na subtaito za Kiarabu. Ya nne nimeipata kabla ya ya tatu. Yaani miaka yote hiyo tumekuwa watu wa kuletewa makombo, mtu wa Birmingham kashamaliza kulia na kufuta machozi ndo sisi tunaanza kushtuka. Safari hii kwenye Netflix mtu aliyekaa Small Heath, mtaa wa kina Tommy kule Birmingham, na mtu aliyekaa Mabatini wote wanabonyeza dakika ileile. Ndo maana mnaniona nina kiherehere, si muvi peke yake.

Hii ni sizoni ya saba au ni muvi?

Ni muvi. Inaitwa Peaky Blinders: The Immortal Man, tuseme mtu asiyekufa. Hamna sizoni ya saba, anayekuuzia "sizoni 7 kamili" anakuuzia za zamani kabadilisha jina la faili. Najua hiyo mbinu. Msiniulize naijuaje.

Mbona imechukua muda hivi?

Kwanza hii sizoni haijawahi kuwa na haraka, angalia miaka yenyewe: 2013, 2014, 2016, 2017, 2019, 2022. Sita kwa sita, episodi 36 jumla, kwa karibu miaka tisa. Kuna watoto wamezaliwa sizoni ya kwanza inatoka, ya mwisho inaisha wako darasa la tatu.

Mwandishi wake Steven Knight alianza kusema mapema, tangu 2021, kwamba baada ya sizoni ya sita hadithi itaendelea kwa njia nyingine, baadaye akaweka wazi kuwa ni muvi. Episodi ya mwisho ilionyeshwa BBC Aprili 3, 2022. Alafu kimya. Katikati hapo Cillian Murphy akaenda kucheza Oppenheimer, Machi 2024 akachukua Oska, sisi huku tukaanza kusema basi tena, mtu kashakuwa mkubwa atarudi kuvaa kofia ya nini. Juni 2024 Netflix wakathibitisha, Septemba wakaanza kushuti, Desemba wakamaliza, 2025 yote ikaishia kwenye uhariri na sisi kutazama picha zilezile tatu. Dairekta ni Tom Harper, huyu si mgeni, ndo aliongoza episodi tatu za mwisho za sizoni ya kwanza. Hilo limenipa moyo kweli, mtu anayeijua nyumba kabla haijapakwa rangi.

Inahusu nini?

Nitasema kile tu walichosema wenyewe, mengine ni ya vijiweni. Ni Birmingham mwaka 1940, Vita ya Pili imewaka. Tommy alikuwa kajitenga, kajificha zake mbali na watu, sasa analazimika kurudi. Familia iko hatarini na nchi iko hatarini, na inabidi aamue anakabiliana na yale aliyoyajenga au anayachoma yote.

Sizoni ya sita ilianza Desemba 1933, kwa hiyo wameruka miaka kama sita. Na 1940 kwa mji ule si mwaka wa mchezo. Ndege za Wajerumani zilianza kuipiga Birmingham Agosti 1940 na Novemba ndo ikawa balaa. Mnakumbuka zile bunduki za sizoni ya kwanza, kreti lililoibwa ambalo lilimleta Inspekta Campbell mjini? Zilitoka kiwanda cha BSA, Small Heath, kiwanda cha kweli kabisa kilikuwepo. Usiku wa Novemba 19, 1940 kilipigwa bomu wakafa wafanyakazi 53. Sisemi hiyo imo kwenye muvi. Nasema ukishajua hivyo, ile "1940" iliyoandikwa kwenye trela unaiona kwa jicho lingine.

Vita ya Pili huku kwetu inatuhusu nini bana?

Mliouliza hivi mna babu au hamna? Babu yangu mzaa mama alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza. Walichukuliwa vijana wa Tanganyika wakapelekwa hadi Burma, mzee alirudi na koti moja na tabia ya kutokulala, anakaa nje usiku kucha anaangalia giza, bibi anamwekea uji kwenye kigoda hamsemeshi. Nilipoona Tommy wa sizoni ya kwanza hawezi kulala anasikia sururu ukutani sikuhitaji mtu kunitafsiria.

Na ile ya kwanza ndo kabisa. Tommy alikuwa mchimba mahandaki Ufaransa, vita ya Somme, hiyo ilianza Julai 1, 1916. Sasa Julai hiyohiyo, wiki mbili mbele, Waingereza wakaingia hapa Mwanza wakawafurusha Wajerumani. Wajerumani wakaondoka, jina la Bismarck tukabaki nalo kwenye jiwe letu. Kwa hiyo usiniambie hadithi ya Waingereza na Wajerumani haituhusu, jiwe lenyewe liko pale kila mgeni anapigia picha.

Nani wamo?

Cillian Murphy bila shaka, pasipo yeye hamna kitu. Sophie Rundle yumo, Ada wetu, kwa maoni yangu ndo mwenye akili kuliko wote kwenye ile familia na hakuna anayempa heshima yake. Stephen Graham yumo. Packy Lee anayecheza Johnny Dogs yumo. Wageni ni Rebecca Ferguson, Tim Roth na Barry Keoghan. Huyu Keoghan ndo Duke, yule mtoto wa Tommy wa nje aliyetokea sizoni ya sita. Kwenye sizoni alichezwa na kijana mwingine, Conrad Khan, sasa wamebadilisha, wapo walionuna. Mi sijanuna, miaka sita imepita kwenye hadithi, mtoto kakomaa.

Na Arthur? Na Alfie?

Paul Anderson, yaani Arthur, hayumo kwenye majina yaliyotangazwa. Tom Hardy, yaani Alfie Solomons, naye hayumo. Inauma. Banda letu la Kirumba lilikuwa na mzee mtafsiri, anakaa mbele na maiki anaongea juu ya muvi, yeye Arthur alikuwa anamwita Athumani. "Athumani kakasirika leo, Athumani mwacheni!" Mpaka leo kuna watu wazima wenye familia wanadhani ndo jina lake. Wameniuliza hivyohivyo, "Athumani yumo?" Hayumo kaka. Labda watutegee, Alfie huyu tulishamzika mara moja akafufuka. Lakini usinunue matumaini kwa mkopo.

Shangazi Polly je?

Helen McCrory aliyemcheza alifariki Aprili 2021, saratani, akiwa na miaka 52. Sizoni ya sita ilikuwa inashutiwa bila yeye, wakaandika kwamba Polly kauawa, wakamchoma ndani ya mkokoteni wake kwa desturi ya watu wao, Wajipsi, na episodi ile ya kwanza wakaitoa kwa heshima yake.

Kwa kweli mi huwa nasema sizoni ina watu wawili tu, Tommy na shangazi yake, wengine ni majirani. Yule ndiye mtu pekee aliyekuwa anaweza kumwambia Tommy "kaa chini" na akakaa. Kila ukoo una huyu mama. Wanaume wanapiga kelele sebuleni wanajiona wamepanga mambo, yeye yuko jikoni anakoroga ugali, hajageuka hata, anasema sentensi moja tu na kikao kinaanza upya. Dada mmoja aliyekuwa mteja wangu, ana meza ya dagaa pale Mwaloni, yeye alikuwa hanunui sizoni, ananunua "zile za shangazi". Siku habari ya msiba imefika alikuja kibandani na ndoo yake kichwani hajaitua, akaniuliza ni kweli, nikasema kweli. Akasimama vile kama dakika nzima, maji ya dagaa yanamchuruzikia begani, alafu akaondoka. Hakusema kitu. Muvi bila Polly itakuwa na pengo na hakuna mwigizaji wa Oska atakayeliziba, tukubaliane mapema tusije tukalaumu watu bure.

Kwani Tommy si alikufa?

HAPA KUNA SPOILA, kama hujamaliza sizoni ya sita ruka swali hili.

Hajafa. Na hili swali naulizwa sana kwa sababu ambayo kosa lake ni langu, ngoja nikiri hadharani.

Ile episodi ya mwisho niliipata mwezi wa tano 2022, nikaweka kwenye laptopu yangu, tukajazana watu kama kumi na nne kwenye chumba cha rafiki yangu Nyamanoro, madirisha wazi kwa joto, nje mawingu meusi yanatoka ziwani. Tommy yuko peke yake kilimani na mkokoteni wake, daktari kashamwambia ana uvimbe kichwani hatapona. Kaweka picha zake, kavaa vizuri. Katoa bastola. Kaiweka kichwani. Radi ikapiga, umeme ukakata, spika zikafa, laptopu betri yake ilikuwa mbovu tangu niinunue, ikabaki sekunde mbili tatu kama inatuaga, ikazima.

Giza. Mvua. Watu kumi na nne na hakuna anayeongea. Alafu mmoja huko kwenye kona akasema taratibu, "kajiua."

Umeme haukurudi usiku ule wala kesho yake. Siku mbili nzima Kirumba na Nyamanoro tumeamini Tommy Shelby kajipiga risasi. Watu wameenda kazini na hilo. Vijiwe vimegawanyika, hawa wanasema ni mwisho wa kiume, hawa wanasema ni mwisho wa kishenzi, fundi viatu mmoja kasema yeye hatoangalia tena kitu chochote cha Wazungu. Umeme umerudi tumewasha, kumbe mtoto wake marehemu, Ruby, anamtokea anamwambia baba wewe huumwi, na kweli daktari alikuwa kibaraka wa Mosley, yule mwanasiasa mfashisti adui wa Tommy, ugonjwa wenyewe uongo mtupu. Tommy anamfuata daktari, saa inagonga tano asubuhi, ile saa Vita ya Kwanza iliposimama, anamwacha hai. Anarudi anakuta mkokoteni unawaka, anapanda farasi mweupe anaondoka.

Tatizo ni kwamba waliosikia "kajiua" walikuwa wengi kuliko waliorudi kuangalia. Ndo maana mpaka leo napata hili swali hadi kutoka Sengerema. Samahanini.

Sasa si aliondoka vizuri? Wanamrudisha wa nini?

Ahaa. Hili ndo swali ambalo na mimi linanikosesha usingizi.

Farasi mweupe ulikuwa mwisho mzuri. Mtu aliyekuwa anatafuta kufa tangu episodi ya kwanza anaambiwa huna ruhusa ya kufa, nenda kaishi. Hapo ukiweka nukta unalala vizuri. Muvi inaweza kuongeza kitu au ikaharibu, na historia iko pande zote. Firefly ilikatwa 2002 baada ya episodi 14 tu na si zote zilionyeshwa, mashabiki wake hawakunyamaza, 2005 wakapewa muvi na walau hadithi ikapata pa kutua. Deadwood ilikatika 2006, muvi imekuja 2019, miaka kumi na tatu, waigizaji wana mvi na zile mvi zenyewe zikawa ndo hadithi. Upande wa pili X-Files walitoa muvi 2008, miaka sita baada ya sizoni kusimama, na wengi wakabaki wanaulizana ndo hii tuliyoisubiri?

Ninayoipenda mimi ni ya Veronica Mars. Machi 2013 mwenye sizoni aliwaambia mashabiki changeni, akataka dola milioni mbili, zikapatikana ndani ya siku moja, mpaka mchango unafungwa watu 91,585 wakatoa zaidi ya milioni tano na nusu, mwaka uliofuata muvi ikatoka. Si ni mchango wa harusi ule! Kadi, ahadi, kamati, na wale wa kuahidi bila kutoa. Sisi tungeiweza ile kitu, tatizo mweka hazina.

Kwa Peaky tofauti ni moja: hii haikukatwa, iliisha yenyewe. Waliorudishiwa muvi wengi walikuwa na deni la kudai. Sisi tulishalipwa. Kwa hiyo Tommy akirudi aje na sababu, asije kwa sababu tu tunampenda. Mwandishi ni yuleyule na hadithi alianza kuzisikia kwa baba yake mzazi akiwa mdogo, si mtu wa kuokoteza. Namwamini kama asilimia sabini hivi.

Sijawahi kuangalia hata moja, nitawahi?

Episodi 36, kila moja kama saa moja. Ukianza leo mbili kwa siku unamaliza mapema tu. Anza ya kwanza nenda kwa mpangilio, usifanye kama tulivyofanya sisi, kuna kaka mmoja aliona mazishi ya John, mdogo wake Tommy, kabla ya harusi ya Tommy mwenyewe na mpaka leo ana hasira na watu wasiohusika.

Kama huna muda kabisa: sizoni ya kwanza yote, episodi ya mwisho ya sizoni ya pili ile ya mbio za farasi Epsom, ya nne angalia ya kwanza na ya mwisho, alafu sita yote usiruke. Ya tatu ina kile kito cha laana kilichomwondoa Grace, mke wa Tommy, watu wa kanda ya ziwa hatuhitaji kuelezwa mara mbili kitu cha namna hiyo. Ya tano naipenda lakini inachosha.

Eti walikuwa na wembe kwenye kofia kweli?

Genge la Peaky Blinders lilikuwepo kweli Birmingham, lakini ni la miaka ya 1890 huko, si baada ya vita kama kwenye sizoni, na familia ya Shelby ni ya kutunga. Wembe kwenye kofia wanahistoria wengi wanaukataa, zile nyembe za kubadilisha wakati ule zilikuwa bado mpya na ghali, muhuni wa mtaani azitoe wapi azishone kwenye kofia. Kwa hiyo yule kijana wa Pasiansi aliyejikata paji la uso mwaka juzi alijikata kwa kitu ambacho hakikuwepo.

Kofia zenyewe nazipata wapi?

Mlango Mmoja kwenye mitumba, nenda asubuhi bales zikifunguliwa. Usimwambie muuzaji "nataka ya Tommy", bei inaruka hapohapo. Sema unamtafutia babu. Kuhusu kunyoa, mwambie kinyozi pembeni sifuri mpaka juu na katikati aache. Kwa nywele zetu haikai vilevile ila ukiwa na kofia hakuna anayejua.

Zile sigara si zingeshamuua huyo jamaa?

Ni za majani tu, hazina tumbaku. Murphy mwenyewe alishasema aliwahi kuuliza watu wa vifaa wakamwambia kwa sizoni moja zinaenda kama elfu tatu. Usijaribu kuiga na zile za dukani.

Kuna mtu ana nakala tayari baada ya tarehe 6, tuangalie?

Itakuwepo, najua, kuanzia tarehe 7 kuna mtu atakuwa nayo kwenye simu, imerekodiwa ndani ya sinema, kichwa cha mtu kinapita mbele na mtoto anakohoa. Nimeuza hizo miaka. Tumesubiri tangu 2022, utashindwa wiki mbili? Na ukiiona usije kijiweni na uso wa kujua. Anayetoa spoila kati ya tarehe 6 na 20 atanunua soda za wote, tumeshakubaliana, hata ukisema "sisemi kitu ila jiandaeni" hiyo ni spoila.

Bando la GB ngapi?

Kwa picha ya juu Netflix inakula kama GB 3 kwa saa, ya kawaida kama GB 1. Ipakue kwenye simu Ijumaa hiyo ikishatoka, ukipata mtandao mzuri. Subtaito weka hata kama Kiingereza chako kimenyooka, kile cha Birmingham ni kingine.

Watoto waje?

Hapana.

Baada ya hapa ndo basi?

Hapana, Oktoba mwaka jana walitangaza sizoni mpya mbili za episodi sita sita, BBC na Netflix, Birmingham ya 1953, kizazi kipya. Hiyo imenifanya nianze kuwa na wasiwasi na Tommy kwenye hii muvi, mnanielewa. Jina ni "asiyekufa" lakini majina ya muvi si ya kuaminika.

Tunaangalia wapi, na kiingilio bei gani?

Sebuleni kwa dada mmoja Nyamanoro, wahusika wanapajua. Kiingilio hamna, akaunti ni ya nyumbani si ya kuuzia tiketi na mi hayo mambo nimeacha. Tunachangia chakula tu.

Ijumaa usiku, saa mbili. Sababu ya saa mbili: Idi inategemea mwezi, inaweza kuwa Ijumaa hiyohiyo au Jumamosi. Ikiwa Ijumaa, watu watakuwa wameshakula pilau na kuzunguka Furahisha wamechoka. Ikiwa Jumamosi, waliofunga watakuwa wamefuturu na kuswali. Na kwa kuwa ni Ijumaa ya Kwaresima Wakatoliki hawagusi nyama, kwa hiyo ni sato. Sato wa kukaanga, ugali, kachumbari, hapo hakuna dhehebu la kulalamika. Yule dada wa Mwaloni kasema sato ni juu yake ila anataka kiti cha mbele, kapewa.

Asiyeweza kuvumilia aangalie zake saa nne asubuhi ofisini chini ya meza, alafu usiku aje akiwa amefunga mdomo.

Nije na nini?

Kiti chako, hata ndoo ya kugeuza. Kofia kama unayo. Machi ni mvua na radi za ziwani mnazijua, kwa hiyo projekta hatutumii, nimeazima laptopu mpya na spika ya kuchaji, pawabanki mbili, na muvi itakuwa imeshapakuliwa tangu saa nne. Betri asilimia mia. Nitaikagua mwenyewe saa moja na nusu, na saa mbili kasorobo naikagua tena.